Nani Aliyesema Mfugaji Hajui Hesabu?

Kiingereza kina maneno mengi ya kumsifu mtu asiyedanganyika kirahisi, anayeutazama ukweli ulivyo na kukata shauri bila kuyumbishwa na machozi. Huyo ataitwa hard-headed, mwenye kichwa kigumu. Ama hard-nosed, mwenye pua ngumu. Ama hard-boiled, yaani amechemka kama yai mpaka kiini kikakauka. Akiwa msomi ataitwa tough-minded, na akiwa waziri ataitwa pragmatic.

Mimi ni mkalimani hapa Isiolo. Nakaa katikati ya wazee wa malisho na wageni wanaotoka Nairobi na ng'ambo, nikigeuza Kiborana na Kiswahili kuwa Kiingereza, kisha jioni napitia ripoti zao kabla hazijatumwa. Katika ripoti hizo nimeyaona maneno hayo wakipewa wenye mabenki, wanadiplomasia, wawekezaji, hata wafadhili wanaokata bajeti ya maji. Sijayaona hata siku moja akipewa mfugaji. Mfugaji anaandikwa kwamba ameng'ang'ania mila, kwamba ana mapenzi na ng'ombe wake, kwamba haoni mifugo kama biashara. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu si kweli na kwa sababu limetugharimu sana watu wa kaskazini.

Nianze na maneno yenyewe, maana watoto wetu wanakutana nayo kwenye mitihani bila mtu wa kuwaeleza. Mwanafunzi wa Isiolo akisoma hard-headed anafikiria kichwa ngumu, mtoto asiyesikia la mkubwa. Hajapotea sana, kwani wako Wamarekani wanaolitumia hivyo hivyo. Lakini gazeti la biashara likimwita mtu hivyo, linasema ana akili isiyopumbazwa. Lile la pua ngumu lina harufu ya sokoni: ni mtu anayebana bei na hateremki. La yai lilipata umaarufu Marekani katika miaka ya 1920, kupitia hadithi za upelelezi katika jarida la Black Mask, lililoanzishwa mwaka 1920. Waandishi kama Dashiell Hammett na baadaye Raymond Chandler walimchora mpelelezi aliyeona uchafu mwingi wa jiji hata hakuna kinachomshtua tena.

La mwisho, tough-minded, ndilo lenye uzito zaidi. Mwanafalsafa William James wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1907 kuhusu falsafa ya vitendo, aliwagawa watu wenye kufikiri makundi mawili. Kuna wenye akili laini, wanaoongozwa na kanuni na matumaini, na kuna wenye akili ngumu, wanaoongozwa na mambo yanayoonekana. Wanaolitumia neno lake leo hawataji kwamba James hakuridhika na kundi lolote kati ya hayo. Alisema watu wengi wanataka vyote viwili, ukweli wa mambo na joto la imani, na falsafa yake aliitoa kama njia ya kuvikutanisha. Ningependa msomaji alishike hilo tunapoingia sokoni.

Soko la mifugo la Isiolo linaanza mapema. Mbuzi wanashuka kwenye malori, wengine wameswagwa kwa miguu, na vumbi linapanda kabla jua halijakolea. Broka hamwulizi muuzaji chochote kwanza. Anamshika mbuzi mgongoni, juu kidogo ya kiuno, na kubonyeza kwa vidole viwili kusikia kama mfupa umefunikwa. Anashika shina la mkia. Anafungua mdomo na kutazama meno ya mbele yaliyokwisha badilika. Ndipo anataja bei, ya chini mno, na muuzaji anageuza uso upande mwingine kana kwamba hakusemeshwa. Wengi wa mbuzi hao jioni watakuwa njiani kwenda Nairobi, kwenye machinjio ya Kiamaiko.

Siku moja nilisimama na mama mmoja aliyetoka upande wa Kulamawe. Alileta mbuzi watatu. Mgeni niliyekuwa naye alitaka kujua kwa nini amewachagua hao na kuwaacha wengine, nami nikatafsiri. Mama hakusita. "Huyu amehasiwa, hazai. Huyu ni mzee, meno yamekwisha, ukame ukija yeye ndiye wa kwanza kulala. Na huyu anazaa, lakini kila mara anatupa mimba. Nimempa misimu miwili, basi." Mgeni akauliza kama hana uchungu kumuuza wa tatu. Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Mwambie huyo nilimlea mimi kwa mkono wangu mama yake alipokufa. Mwambie pia shule inafunguliwa Jumatatu."

Majibu hayo mawili yalitoka kwa pumzi moja, na yote mawili ni ya kweli.

Wakati wa ukame mambo yanakuwa magumu kuliko hayo. Mbuzi au kondoo akizaa malisho yamekwisha, mara nyingi mwenye boma anamchinja mtoto siku ile ile aliyozaliwa, ili mama asinyonywe nguvu zilizobaki. Akimwacha mtoto, huenda wakafa wote wawili. Akimtoa mtoto, mama anaweza kufika mvua na kuzaa tena. Bibi yangu, akko, alikuwa akifanya kazi hiyo mwenyewe wala hakumwachia mtu mwingine. Alikuwa na jina kwa kila mnyama zizini, akijua huyu ni binti wa nani na nyanya yake alitoka kwa ukoo gani. Hakuficha huzuni yake. Lakini sikumwona akiahirisha kazi hiyo hata mara moja.

Sasa tumtazame msomi ambaye kazi yake ilizaa usemi kwamba sisi tunafuga kwa mapenzi tu. Mwaka 1926 Melville Herskovits, Mmarekani, alichapisha katika jarida la American Anthropologist utafiti kuhusu ng'ombe katika Afrika Mashariki. Ulitokana na tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Columbia, na aliuandika kwa kusoma maandishi ya watu wengine maktabani. Alieleza kwamba katika jamii hizi ng'ombe ni wa heshima, mahari na matambiko kuliko wa chakula. Jina alilolipa jambo hilo, cattle complex, lilikuwa na maana ya mkusanyiko wa desturi zinazoandamana. Maofisa waliomfuata walilisoma kama ugonjwa wa akili: Mwafrika ameshikwa na ng'ombe, hawezi kufikiri sawasawa.

Usomaji huo ulifanya kazi vizuri mikononi mwa serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wengi kwa kisingizio kwamba wamezidi ardhi, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimewekwa Athi River tayari kuwapokea kwa bei duni. Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi kudai mifugo yao. Muindi alipelekwa uhamishoni Lamu. Huku kwetu, kaskazini, lawama ilikuwa kwamba wafugaji hawataki kuuza, na wakati huo huo karantini zilifunga njia ya ng'ombe wa kaskazini kwenda kusini ili magonjwa yasifike kwa mifugo ya walowezi. Isiolo ndiyo ilikuwa lango. Mtu anafungiwa soko, kisha anaambiwa hapendi biashara!

Nieleze hesabu ambayo ripoti nyingi zinairuka, ya kwa nini mfugaji anataka mifugo mingi. Tuseme ukame unaua wanyama saba katika kila kumi. Mwenye ng'ombe 10 atabaki na watatu. Mwenye 60 atabaki na 18. Wote wawili wamepoteza kwa kiwango kile kile, lakini huyu wa pili bado ana ng'ombe wa kukamua, ana mitamba ya kuzaa, na baada ya mvua chache atasimama tena. Wa kwanza ameshatoka katika ufugaji. Atahamia mjini, atabeba mchanga au kuuza makaa, na watoto wake watalala njaa bila kundi la kurudia. Kundi kubwa ndiyo bima yake, na ndiyo maana majike yanakuwa mengi kuliko madume katika zizi lolote lililopangwa vizuri.

Hesabu haiishi kwa idadi. Mbuzi anabeba mimba miezi 5, ng'ombe 9, ngamia karibu 13. Kwa hiyo baada ya ukame mbuzi ndiye anayerudisha nyumba haraka, ndiye anayelipa karo na unga. Ngamia anazaa polepole, lakini anakula majani ya miti ambayo ng'ombe hafiki, na anaendelea kutoa maziwa ng'ombe akiwa amekauka zamani. Mwenye akili anachanganya, na hawaweki wote mahali pamoja: wengine fora, mbali na nyumbani, wengine kwa shemeji upande wa Merti, wengine karibu na boma kwa ajili ya watoto. Ugonjwa au wezi wakipiga kambi moja, nyingine inabaki. Mshauri wa fedha wa Nairobi analipwa kumwambia mteja wake agawanye mali namna hiyo hiyo, na yeye anaitwa hard-headed.

Wako waliokuja kuhesabu kweli, na ni haki kuwataja. Gudrun Dahl na Anders Hjort kutoka Sweden walifanya kazi Isiolo katika miaka ya 1970. Mwaka 1976 walitoa kitabu kuhusu jinsi kundi linavyokua na jinsi familia inavyoishi nalo: majike mangapi, maziwa kiasi gani, vifo vingapi, na wanyama wangapi wanahitajika ili kaya isianguke. Mwaka 1979 Dahl alitoa kitabu kingine kuhusu Waborana wa Waso hasa, yaani wa huku Isiolo, na Hjort akatoa chake kuhusu mji wa Isiolo. Walipoweka hesabu ya mfugaji kwenye karatasi, ilionekana inasimama.

Waliwakuta watu waliokuwa wametoka kufilisiwa. Vita vya Shifta kati ya serikali na waasi wa kaskazini, vilivyoanza mwaka 1963 na kuisha miaka michache baadaye, viliwaacha Waborana wa Isiolo bila kitu. Serikali iliwakusanya katika kambi kama Garba Tula, Merti na Modogashe. Mifugo mingine ilipigwa risasi, mingine ikachukuliwa, mingine ikafa ndani ya uzio kwa kukosa malisho. Wazee wanauita wakati huo gaaf daba, na wakiutaja sauti inashuka. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 imeandika mengi ya wakati huo. Familia iliyokuwa na mamia ya ng'ombe ilitoka kambini na sufuria.

Mwaka 1965, vita vikiendelea, ulitoka Waraka wa Bunge Namba 10, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Ulisema, kwa maneno yangu, kwamba fedha za maendeleo zipelekwe pale ambapo zitazaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Faida ya huko ndiyo ingesaidia kwingine baadaye. Hadi leo kuna wachumi wanaosifu sera ile kuwa ya watu wasiotawaliwa na hisia. Mimi nasema haikuwa na uhalisia wowote. Haikuhesabu mifugo ya kaskazini wala nyama inayoliwa Nairobi. Kwa miongo lami ilikomea hapa Isiolo, na lori la ng'ombe kutoka Moyale lilisafiri takriban kilomita 500 za mawe na vumbi, wanyama wakikonda na wengine wakifa njiani. Barabara hiyo imekamilika muongo uliopita tu, na biashara imeonekana wazi tangu hapo. Aliyefanya hesabu mwaka 1965 bila kumweka mfugaji ndani yake alikuwa akifuata dhana yake.

Turudi kwenye jinsi watu wanavyosimama tena, maana hapo ndipo maneno ya Kiingereza yanaposhindwa kabisa. Kwa Waborana, aliyepoteza mifugo anaweza kupata mnyama wa ukoo kwa utaratibu wa busaa gonofaa. Si sadaka ya kutupwa. Wazee wanakaa na kuuliza: amepoteza kwa ukame, kwa wavamizi, au kwa uzembe? Ana mikono ya kuchunga? Ana watoto wangapi wa kunywa maziwa? Kuna pia dabare, ambapo mwenye ng'ombe anampa mwenzake jike la maziwa alikamue, huku umiliki ukibaki kwa mwenyewe. Anayepokea anapata maziwa ya watoto. Anayetoa amepunguza wanyama wa kuchunga, ametawanya hatari, na amejenga mtu wa kumkimbilia siku yake ikifika. Ukiniuliza kama huo ni wema au hesabu, sitajua pa kukata, na wazee niliowauliza waliliona swali lenyewe ni la ajabu.

Wanawake nao wametufundisha mengi. Isiolo leo ni kituo kikubwa cha maziwa ya ngamia, na ushirika wa akina mama wa Anolei ndio unaojulikana zaidi. Maziwa yanatoka maboma ya mbali kwa pikipiki na magari, katika madumu yaliyofukizwa moshi wa kuni maalumu ili yasiharibike upesi. Mama anafungua kifuniko, ananusa, anaonja kwa ncha ya ulimi, kisha anakubali au anakataa. Dumu lililochacha linarudishwa kwa mwenyewe hata kama ni la dada yake. Yaliyokubaliwa yanapanda basi kwenda Eastleigh, Nairobi. Wengi wa mama hawa walitoka katika nyumba zilizopoteza ng'ombe kwenye ukame, wakaona ngamia anastahimili, wakabadilisha njia.

Hata kwa vitu vipya mfugaji hauzi macho yake. Bima ya mifugo inayotumia picha za satelaiti ilianza Marsabit mwaka 2010, ikiongozwa na wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, kisha ikafika Isiolo. Satelaiti inapima ukijani wa ardhi. Ukishuka chini ya kiwango, mwenye bima analipwa bila mtu kuhesabu mizoga. Ni wazo zuri. Nilipolitafsiri mara ya kwanza barazani, mzee mmoja wa dedha, yaani wa baraza la malisho, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Mwulize, hiyo kamera yao inajua mathenge?" Mathenge ni ule mti wa miiba ulioletwa kutoka nje na sasa umeziba sehemu nyingi za malisho kavu. Unabaki kijani hata nyasi zote zikiwa zimekufa. Mzee alikuwa hajaona picha ya satelaiti maishani mwake, na katika dakika chache alikuwa ameweka kidole kwenye udhaifu ambao wataalamu wenyewe wanauandikia makala: kipimo kinaweza kusema kuna majani na mnyama akafa kwa njaa. Kwenye ripoti swali hilo liliingizwa chini ya kichwa kinachohusu jamii kutokuwa na uelewa wa bima. Niliomba libadilishwe, na mwandishi, kwa heshima yake, alilibadilisha.

Kisha likaja pigo la karibuni. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua, na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Wakati ule ripoti ziliuliza tena kwa nini watu hawakuuza mapema. Wengi waliuza. Lakini wakiuza wote kwa pamoja bei inaanguka, unga unapanda, na mbuzi aliyenunua magunia mawili ya mahindi ananunua debe. Aliyebaki na mnyama dhaifu alikuwa akichagua kati ya bei ya aibu leo na uwezekano wa mvua baada ya mwezi. Huko ni kucheza na karata mbaya ulizopewa, na anayecheza anazijua zote.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa makundi mawili. Walimu wa Kiingereza wa Isiolo, Marsabit na Samburu, mkifundisha sifa hizi, toeni mfano wa mama anayechagua mbuzi wa kuuza, mtoto ataelewa mara moja na hatasahau. Na ninyi mnaokuja kutuandika, wa serikali na wa mashirika: ununuzi wa dharura wa mifugo uleteni wakati mnyama bado anaweza kupanda lori kwa miguu yake, si wakati anabebwa. Na kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, mwulizeni mwenye zizi ameuza yupi, amebakisha yupi, na kwa nini. Atawajibu, na mimi nitawatafsiria.